Mkalimani Asubuhi, Boyi Jioni

Mtu asinihadithie habari za kazi. Mimi kazi ninazo mbili, na zote mbili zinanitafuna. Asubuhi ni mkalimani wa tribinali ya teritwari, ndiyo mahakama ya wilaya, hapa Gisenyi mpakani na Kongo: suruali, koti, tai. Kuanzia saa nane mchana ni boyi wa mezani katika hoteli ya wazungu kule ufukweni mwa ziwa: kanzu nyeupe, mshipi mwekundu, miguu peku ili nisikwaruze sakafu ya Madamu. Kanzu naiweka ndani ya kikapu chini ya meza ya tribinali. Koti nalitundika kwenye msumari nyuma ya jiko la hoteli, penye kuni. Kati ya kikapu na msumari pana mwendo wa nusu saa, nao naukimbia kwa robo saa. Watu wa barabarani wamezoea kuniona natimua vumbi, wananichekea: "Abdu, leo unafukuzwa na nani?" Siwajibu. Nikiwajibu nitawatukana.

Usidhani nilizitaka mbili kwa uroho. Nyumba yangu ya Mbugangari ina midomo tisa: wanangu, watoto wa marehemu kaka yangu, na mama mkwe. Tribinali inanipa heshima, hoteli inanipa chakula. Nikiacha moja tu, tunalala njaa.

Mwaka ule, hamsini na sita, kazi zote mbili ziliharibika kwa pamoja, kana kwamba zilipatana. Karani Hitimana alihamishiwa Kibuye mwezi wa kwanza, na hakuletwa mwingine. Bwana Musitateri, ndivyo tunavyomwita mzungu mkuu wa teritwari, ambaye pia ndiye hakimu, aliniambia, "Abdu, utaandika na rejista. Kwa muda." Kwa muda! Mwezi wa nne ulinikuta bado natafsiri kwa mdomo na kuandika kwa mkono wakati uleule. Shahidi anasema Kinyarwanda, natoa Kifaransa; mzungu anauliza Kifaransa, narudisha Kinyarwanda, au Kiswahili kama ni mtu wa mjini; na kalamu inatukimbilia nyuma sote watatu. Nikikosea neno, mtu anakwenda jela. Nikikosea mstari, mzungu anapiga meza.

Hotelini nako, Madamu mwenye hoteli alifukuza maboyi wawili siku moja kwa sababu ya vijiko vya fedha, ambavyo baadaye vilionekana ndani ya kabati lake mwenyewe. Aliwarudisha? Ng'o. Meza zao nikapewa mimi. Madamu haiti mtu kwa jina, ana kengele ndogo ya shaba, anaitikisa tu. Ilifika mahali nikawa naisikia mpaka tribinalini. Wallahi, shahidi anaapa mbele yangu, mimi nasikia kengele.

Na la kuchekesha, kama unapenda kucheka, ni kwamba Bwana Musitateri hula chakula chake cha jioni palepale hotelini. Asubuhi nakaa kiti cha kando yake, ananiita Abdu, ananiinamia sikioni: huyu unamwonaje, anadanganya? Jioni namwekea supu upande wa kushoto kama nilivyofundishwa, naye hanioni. Anazungumza na sahani.

Hayo yote ningeyavumilia. Lililonikalia rohoni lilikuwa jicho la mke wangu.

Nyirasafari ni binti wa Rugerero, mtu wa mlimani. Jicho lake la kushoto lilikufa mwaka wa nyuma. Tulidhani ni moshi wa jiko, tukakamua majani, tukatia, likafa. La kulia nalo likashika njia ileile. Lilianza kupotea pembeni: akawa anagonga bega mlangoni, anamimina maji nje ya kikombe, anamkanyaga kuku. Mwezi wa kumi na mbili akapita daktari wa macho, mzungu mmoja mrefu, mwembamba, anayezunguka ziwa lote akitibu watu. Akammulika kwa taa yake ndogo, kisha akanieleza. Ndani ya jicho maji yamejaa, yanaukandamiza mshipa wa kuonea. La kushoto, basi. La kulia akilipasua mapema, nuru iliyomo itabaki. Asipolipasua litazimika, na likizimika hakuna wa kuliwasha. Siku ile hakuwa na vyombo vyake vyote. "Nitarudi kabla ya mwezi wa sita," alisema, "na hiyo ndiyo safari yangu ya mwisho huku, baadaye narudi kwetu Ulaya. Usinikose."

Usinikose! Nilikwenda mwenyewe kwa Viateur, muuguzi wa hospitali, nikamwomba anitumie habari siku yoyote, saa yoyote. Hospitali iko juu kule, njia yake si ya tribinali wala si ya hoteli, mimi siipiti. Viateur akasema, "Bon, nitakuandikia, we usijali." Na mimi na Viateur, niseme ukweli, hatukuwa tunapendana. Aliwahi kuitwa tribinalini kutoa ushahidi juu ya mtu aliyepigwa chupa. Akaanza kumwaga Kifaransa chake cha misheni, nami nikamsahihisha mbele ya watu. Alikunja uso mpaka alipotoka.

Basi miezi minne nikatembea na jicho la mtu kichwani. Kila jioni nikirudi namwinulia vidole. Vingapi? Vitatu. Vingapi? Viwili. Wiki nyingine anakosea kimoja, anacheka, ananiambia, "Vidole vyako vimekonda, Baba Saidati. Vipe chakula." Saidati ni binti yetu mkubwa. Nami nacheka, kisha natoka uani nasimama peke yangu.

Ikafika Jumanne moja ya mwezi wa nne, mvua imenyesha tangu alfajiri, tribinali imejaa watu wenye nguo mbichi. Kesi ilikuwa ya bibi mmoja muuza pombe ya mtama, Mukankusi, aliyesema jirani yake amemvunjia mitungi. Bibi anaongea kama maji ya mfereji, hamezi mate. Bwana Musitateri ana mafua, na mtu akiwa na mafua hapendi mitungi.

Sasa hapa lazima nimweleze asiyejua Kinyarwanda. Lugha hiyo ina neno moja, ejo. Ejo ni jana. Ejo ni kesho pia. Neno ni lilelile. Kitenzi kinachofuata ndicho kinachokuonyesha kama unatazama nyuma ama mbele. Wenyewe halijawahi kuwasumbua. Na mimi halikuwahi kunisumbua, kwa sababu kazi zangu zilikuwa zimeligawana. Tribinalini watu huja kusema yaliyokwisha kutendeka, ejo alinipiga, ejo aliniibia, basi kule ejo ni jana siku zote. Hotelini wapishi wanauliza ejo wageni wangapi, ejo samaki ama kuku, basi kule ejo ni kesho siku zote. Nikivaa koti nasikia jana, nikivaa kanzu nasikia kesho. Wakati ule sikujua kwamba niko hivyo.

Bibi Mukankusi alikuwa katikati ya maneno. Ejo mchana alikuja, ejo alikuwa amelewa, ejo alishika mtungi mkubwa. Nami nyuma yake, jana, jana, jana, kwa Kifaransa, kalamu inachuruzika wino. Mara polisi Munyakazi, aliyekuwa ametoka kupeleka mfungwa hospitali, akaja kwa kunyata, akaniwekea karatasi juu ya rejista. "Abdu," alininong'oneza, "iko barua yako. Ya Viateur."

Nikaifungua kwa vidole vya mkono wa kushoto. Ilikuwa mstari mmoja. *Muganga w'amaso, ejo mu gitondo. Viateur.* Muganga w'amaso ni daktari wa macho. Mu gitondo ni asubuhi. Hakuna tarehe. Hakuna kitenzi. Bibi anasema ejo, ejo. Mzungu anapiga meza, "Abdu! Anasema nini?" Nami nikasoma kama nilivyokuwa nikisoma dunia nzima saa ile.

Daktari wa macho, jana asubuhi.

Nikatafsiri mitungi mpaka mwisho, sijui vipi. Kalisa, huyo jirani, akahukumiwa kulipa, akatoka anasonya. Mimi nikabaki nimekaa, karatasi mkononi. Kisha hasira ikanipanda, na mimi hasira yangu haina breki. Viateur! Mshenzi mkubwa! Daktari anakuja Jumatatu, yeye ananiandikia Jumanne! Ananiandikia ili nijue kwamba nimekosa! Kwa sababu ya neno moja la Kifaransa nililomsahihisha, anamnyima mke wangu jicho!

Ningeweza kupanda hospitali. Nasema wazi, na Mungu ananisikia: ningeweza. Ingekuwa nusu saa na kufokewa na Madamu. Lakini nilijiambia nikimwona Viateur sasa hivi nitampiga, na nikimpiga nitasimama mimi mbele ya Bwana Musitateri, na nani atanitafsiria? Kengele ilikuwa inanisubiri. Nimechelewa. Tena tangu mwaka uanze nilikuwa nachelewa kila mahali: kazini, msikitini, mazikoni, nilichelewa hata kwenye arusi ya binti wa marehemu kaka yangu. Niliposoma kwamba nimechelewa na kwa daktari, sikuona ajabu. Nikachukua kikapu changu nikakimbilia hotelini.

Nilifika nyumbani jioni watoto wamekwisha kula. Nyirasafari alikuwa mkekani anachambua maharage kwa vidole, uso ameuelekeza ukutani. Nikamwambia nimesimama, sikukaa.

"Mama Saidati, yule daktari amepita. Alikuja jana."

Vidole vikasimama. "Jana?"

"Jana."

"Nani amesema?"

"Viateur ameniandikia."

"Ameandika namna gani?"

Hapo nikafoka. Naona aibu kusema, lakini nilifoka, sauti ya Bwana Musitateri yenyewe. "Ameandika jana asubuhi! Unataka aandike namna gani? Jana asubuhi! Mimi mkalimani, mimi sijui kusoma?"

Nilimwambia kwa Kiswahili. Nyumbani kwangu ni Kiswahili tu, hiyo ndiyo sheria niliyoiweka tangu nimwoe. Baba yangu alitoka Ujiji, akaniachia Kiswahili chenyewe, si hiki cha iko-iko cha mjini, nami nilitaka wanangu wawe watu wa mji, wasichekwe. Nyirasafari alijifunza kwa ajili yangu. Akiongea Kinyarwanda na mama yake jikoni, nikiingia wananyamaza. Nilikuwa nadhani ni adabu.

"Haya," akasema. Akarudi kwenye maharage yake. Nikamwona anaweka kijiwe upande wa maharage mazuri, na sikukitoa.

Jumatano nikaenda kazini kama kawaida. Asubuhi watu watatu waliovuka kwenda Goma, upande wa Kongo, bila karatasi ya njia, siku kumi na tano kila mmoja. Niliwatafsiria hukumu na mmoja akanitemea mate miguuni. Mchana nikakimbia. Jioni saa moja meza zote zilijaa, mvua imewazuia wazungu wote wasitoke, na Madamu amevaa mkufu wake, dalili mbaya. Bwana Musitateri alikuwa na mgeni. Nilikuwa nimebeba sinia la samaki, naja nyuma yao, sijamwona mgeni uso. Nikamsikia.

"Macho kumi na moja leo," alikuwa anasema. "Nimesimama tangu saa mbili asubuhi. Nilimngoja wa kumi na mbili mpaka saa kumi, yule mwanamke wa jicho moja, kumbuka nilikusimulia. Hakuja. Muuguzi anaapa kwamba alimpelekea mumewe habari jana."

Sikuangusha sinia. Watu wakisimulia husema sinia lilianguka, vyombo vikavunjika. Mimi mikono yangu imefundishwa, haikuangusha kitu. Nilimwekea Bwana Musitateri samaki, nikamwekea daktari samaki, nikamimina mchuzi. Kichwani neno lilikuwa linageuka upande wa pili, taratibu, mpaka nikaliona lote. Ejo. Kesho asubuhi. Aliniandikia Jumanne, kesho asubuhi. Viateur masikini wa Mungu alikuwa ametimiza ahadi yake vizuri kabisa.

"Daktari," nikasema kwa Kifaransa, "huyo mwanamke ni mke wangu."

Bwana Musitateri akaniinulia macho. Miaka mitatu namlisha, ndiyo mara ya kwanza aliniona ndani ya kanzu.

Daktari alinitazama. "Ni wewe! Sasa kwa nini hukumleta?"

"Nilisoma vibaya."

Ningesema nini zaidi? Nianze kumfundisha Kinyarwanda mbele ya samaki wake? Lakini hakuwa mtu mbaya, yule daktari, siwezi kumsingizia. Alifikiri kidogo, akapangusa vidole. "Naondoka kesho na meli, saa kumi na mbili na nusu, kwenda Bukavu. Nitakuwa hospitali ya kule wiki mbili. Mlete melini. Nitampasua Ijumaa."

Ya Rabi! Nusura nimbusu mikono. Kisha nikakumbuka asubuhi yangu. Bukavu ni Kongo. Mtu wetu haingii meli ya kwenda Kongo bila karatasi ya njia yenye muhuri wa teritwari, na nani anajua hilo kuliko mimi, niliyetemewa mate kwa ajili yake siku ileile? Na mwenye kuitia saini alikuwa amekaa hapo, mkono mmoja kutoka kwangu, anachomoa mwiba wa samaki mdomoni.

"Bwana Musitateri," nikasema, "naomba karatasi ya njia. Ya mke wangu. Unamjua, alikuletea mayai Noeli."

Akaweka mwiba pembeni ya sahani. Akanijibu kwa Kiswahili chao, kile cha kuwaambia watumishi, ambacho ofisi ni biro. Kazini huwa tunasemezana Kifaransa.

"Abdu, hapa hapana biro. Kesho. Saa mbili. Biro."

"Meli inaondoka saa kumi na mbili na nusu, Bwana."

"Biro inafungua saa mbili."

Daktari akasema, hebu, ni saini tu. Bwana Musitateri akacheka, akamrudishia kwa Kifaransa kwamba muhuri uko kabatini, kabati lina saa zake, na akimtilia saini mmoja kati ya samaki na jibini, kesho Gisenyi nzima itakuja kumtafuta bafuni. Alisema bila chuki. Alisema kama mtu anayeeleza kwa nini jua huchomoza upande ule. Nami nilimwelewa vizuri, kwa sababu mwaka mzima nimewatafsiria watu maneno hayohayo: rudi kesho, ofisi imefungwa, sheria ni ya wote.

Kengele ikalia. Madamu alikuwa nyuma yangu. "Meza ya tatu inangoja mchuzi," alisema. "Kama una kesi, una tribinali yako asubuhi. Hapa wewe ni boyi."

Unataka kujua nilifanya nini. Nilikwenda meza ya tatu. Nikamimina mchuzi. Ningeweza kuvua ule mshipi mwekundu nikautupa juu ya meza yao, nimejiona nikifanya hivyo mara elfu tangu siku ile. Sikufanya. Nilijidanganya kwamba nikiwa mtiifu, nikihudumia vizuri, labda wakati wa kahawa moyo wake utalainika. Nikampelekea kahawa mwenyewe. Nikamwekea sukari vipande viwili anavyopenda. Akakoroga, akanywa, akainuka, akavaa kofia yake. Hakunitazama tena.

Nilimweleza Nyirasafari usiku uleule: daktari yupo, meli ipo, karatasi hakuna. Kuhusu neno sikumwambia kitu, nilisema tu kulikuwa na makosa. Nikamwambia asijisumbue. Nilipoamka alfajiri nikamkuta amekwisha kuoga, amejifunga nguo yake ya Idi, kifurushi kiko mapajani: kanga, sabuni, viazi vya kuchemsha. Amekaa kwenye kizingiti ananingoja. Nilitaka kumwambia vua nguo hizo, tunakwenda kufanya nini? Sikuweza. Tukateremka.

Gatini kulikuwa na ukungu na mifuko ya kahawa. Daktari alikuja na masanduku yake, akatuona, akaja moja kwa moja. Akamsimamisha Nyirasafari chini ya taa ya bohari, akamfunua kope, akammulika. "Bado lina nuru," aliniambia. "Kidogo. Lakini ni nuru nzuri, ya kusomea uso wa mtu. Hiyo ningeweza kumwekea." Akageuka kwa karani wa meli, akaanza kumwomba.

Karani wa meli, mtu wetu mweusi kama sisi, amevaa kofia ya mzungu, akatingisha kichwa. "Docteur, karatasi. Bila karatasi hapana. Mwezi uliopita mwenzangu alipakia mutu mumoja hivihivi, wakamufunga." Akaninyooshea kidole. "Muulize huyu. Ni yeye alitafsiri."

Kweli. Ni mimi. Nilikuwa nimetafsiri kesi ile bila kukosea hata neno moja.

Daktari alipandisha sauti, akashusha, akatoa kitabu chake cha serikali, akaandika barua pale pale juu ya sanduku. Karani akaisoma, akairudisha kwa mikono miwili, kwa heshima zote. Honi ikalia. Daktari akamshika Nyirasafari mkono, akasema, "Pole, mama." Akapanda. Kamba zikafunguliwa. Nyirasafari alikuwa amegeuza uso upande wa sauti ya mashine, nami sikujua kama anaiona meli ama anaisikia tu.

Ilipopotea kwenye ukungu akaketi juu ya mfuko wa kahawa, akaweka kifurushi chini. Akasema kwa Kinyarwanda, mbele yangu, bila kunong'ona, jambo ambalo hakuwahi kulifanya miaka yote tuliyooana:

"Ile karatasi ya Viateur unayo?"

Ilikuwa mfuko wa koti.

"Nisomee. Usigeuze. Kama alivyoandika."

Nilitaka kukataa. Nikasoma. "Muganga w'amaso, ejo mu gitondo."

"Tena."

"Muganga w'amaso, ejo mu gitondo."

Kisha akauliza, polepole, kama mtu anayeuliza njia: "Ejo ipi?"

Nikaitazama tena karatasi, natafuta kitenzi. Mimi, mwenye majibu ya watu wote wa teritwari hii.

"Ungenisomea hivi siku ile," alisema, "ningekuuliza hivyo tu." Hakupandisha sauti. Ningeshukuru kama angenipiga, angenitukana mbele ya wapakizi, angemwita mama yake na ukoo mzima wa Rugerero waje wanishike koo. Machozi yalikuwa yananitoka mimi. Yake yote yalikuwa yamekauka, au yule mshipa umeyabana, sijui.

Kwa mbali tarumbeta ya kambi ya polisi ikalia, saa moja. Nyirasafari akainuka. Akanyoosha mkono kutafuta bega langu, akashika hewa, akanyoosha tena, akalipata. Hakuwa amewahi kunishika bega ili atembee. Siku zote nikimpa bega alisema bado.

"Twende," akasema, safari hii kwa Kiswahili. "Utachelewa kazini."